Bakuli la Rangi ya Asali

Nakumbuka siku niliyotumwa dagaa Kibirizi nikarudi nyumbani na kigae. Usicheke, mwanangu. Shangazi yangu Meresiana, aliyekuwa amenituma, hakucheka hata kidogo. Alilichungulia kapu, akaligeuza juu chini akalitikisa, kisha akaniuliza kama kigae hicho tutakichemsha au tutakikaanga.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikaa kwa Shangazi pale Simbo nikijifunza ufinyanzi, maana yeye ndiye aliyekuwa mfinyanzi wa kutajwa upande ule wote, mpaka Kidahwe watu walimjua kwa jina. Kazi yake ilikuwa ya utaratibu usiobadilika. Udongo anautoa bondeni, anauponda, anautoa mawe, anaufinyanga. Chungu kikianza kukauka anakisugua kwa kokoto laini la ziwani mpaka kinang'aa kidogo, na mabegani mwa chungu anabingirisha gunzi la mahindi, nalo linaacha alama za vishimo vilivyopangana. Kikitoka motoni kingali chekundu anakinyunyizia maji aliyochemshia magome ya mti. Chungu kinachacharika, kinatoa mvuke, kinageuka cheusi chenye wekundu kwa mbali, na tangu hapo hakivuji. Hiyo ndiyo iliyokuwa rangi yetu. Waliotutangulia walifanya hivyo, na hakuna aliyelalamika.

Mimi ndiye niliyelalamika. Nilikuwa nimeziona sahani za madukani Ujiji, zile nyeupe zenye maua, zinazoteleza ukizipitishia kidole. Niliambiwa nazo ni udongo. Ni udongo! Basi ile ngozi ya kioo juu yake inatoka wapi? Nilimuuliza mwenye duka, akaniambia inatoka kiwandani. Nikamuuliza kiwandani wanaipaka nini, akaniuliza kama nanunua au sinunui. Nikatoka pale nimekasirika, maana mimi mtu akininyima jibu huwa silali vizuri, na tabia hiyo ninayo mpaka leo na uzee wangu huu.

Shangazi hakunikataza kujaribu, hilo nataka ulijue mapema. Alinipa vipande vya vyungu vilivyopasuka na pembe moja ya moto wake. "Pembe yako ni ile," aliniambia, "vyungu vyangu usivisogelee na uchawi wako." Basi nikajaribu kila kilichokuwa karibu. Nilipaka majivu ya mgomba yaliyokorogwa kwa maji, yakatoka ukoko wa kijivu unaokwaruza. Nikapaka chumvi ya Uvinza, ikatoka utando mweupe na harufu iliyomfanya jirani aje kuuliza kuna nini. Nikasaga mifupa ya samaki, haikufanya lolote. Nikatwanga chupa ya kijani mpaka ikawa unga, nikaumwaga ndani ya kisahani nikakichoma, na hapo moyo uliruka, kwa kuwa chembe zile za kioo zilikuwa zimelegea zikashikana, zikafanya kidimbwi cha kijani katikati. Kesho yake kilibanduka chote kikaanguka. Nilikaa chini nikakitazama muda mrefu. Kioo kilitaka kuyeyuka, lakini moto wetu wa nyasi na mavi ya ng'ombe haukuwa na nguvu ya kukimaliza. Kilihitaji kitu cha kukisaidia. Kitu gani? Sikujua.

Sasa turudi Kibirizi. Siku hiyo ya dagaa nilipita nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa, nikamkuta mzee mmoja, Mzee Rajabu, anatengeneza risasi za nyavu, yale mazito yanayozishusha nyavu majini. Alikuwa anavunja betri kuukuu za magari, anatoa risasi iliyomo, anaiyeyusha juu ya mkaa ndani ya chungu kilichomeguka mdomo, halafu anaimimina kwenye vishimo alivyochimba mchangani. Ile risasi ililainika upesi na kumiminika kama mafuta. Lakini mimi sikuitazama risasi. Nilitazama ndani ya chungu. Kuta zake zilikuwa na kioo! Kioo cha manjano, cha rangi ya asali, kimeshika udongo barabara, na hakuna aliyekipaka.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Unataka risasi ngapi?"

"Sitaki risasi, Mzee. Naomba chungu chako."

Alinitazama kwanza usoni, kisha miguuni, nadhani alikuwa anatafuta dalili za ugonjwa. "Chungu hiki kibovu? Na kapu lote hilo la kubebea unalo?"

Nilimweleza. Alikuwa mtu mwema, alinisikiliza mpaka mwisho. Akanionyesha kwamba risasi ikikaa motoni juu yake hutanda utando wa manjano, na utando ule ndio unaoganda kwenye chungu. Akanipa kigae cha chungu chake cha zamani, nikaondoka nacho dagaa nimewasahau, na siku nyingine nilizorudi alinikusanyia utando wenyewe ndani ya kopo. Kila mara alinionya: "Lakini weye binti, hii kitu usiishike halafu ukala. Unanawa kwanza. Unanawa na sabuni."

Mwanangu, nilinawa. Sijui kama kuna binti aliyewahi kunawa kama mimi katika mkoa huu. Nilinawa mpaka viwikoni, nikasugua kucha kwa mswaki wa mti, nikabadili kanga kabla ya kula. Onyo la Mzee Rajabu nililishika neno kwa neno, kisha nikaichukua sumu ileile niliyokuwa naiosha mikononi nikaipaka ndani ya chombo cha chakula. Haikunijia kabisa akilini. Leo nikisimulia naona ni upumbavu wa wazi, lakini siku zile akili yangu yote ilikuwa kwenye swali moja tu, kama kioo kitashika.

Vipande vya kwanza vilitoka na malengelenge. Vingine vikawa vyeusi kwa moshi. Nikajifunza kuvifunika kwa chungu kikubwa kilichogeuzwa ili nyasi zisiviguse. Nikajifunza kutopaka kwa wingi. Halafu nikafinyanga bakuli moja, kubwa kiasi cha kushikwa kwa mikono miwili, nikalibingirishia gunzi kwa ndani badala ya nje, nikalipaka, nikalichoma. Nilipolifunua alasiri ile na kulifuta majivu, nilipiga kelele peke yangu. Lilikuwa rangi ya asali, linang'aa, na kila mahali gunzi lilipoacha kishimo kioo kilikuwa kimejaa kikakolea, kwa hiyo mapambo yetu yote ya Simbo yalionekana mle chini kana kwamba yako ndani ya maji. Hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa amewahi kutengeneza kitu kama kile. Mimi mwenyewe sikuamini.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa ya mama yake kabla yake. Chombo cha kwanza cha namna mpya hakitoki nyumbani. Ukibadili bonde la udongo, ukibadili magome, ukibadili chochote, chombo cha kwanza ni cha mfinyanzi mwenyewe. Anapikia humo, anakula humo, yeye na si mwingine, tangu mwezi unapoandama mpaka uandame tena. Na asile mtori mtamu tu. Maziwa yaliyoganda aweke, ndimu aweke, maharage ya chumvi aweke. Nilikuwa nimemwona Shangazi akikaa mwezi mzima na kijichungu chake pembeni kwa sababu tu alibadili mti wa magome. Nilidhani anapima kama kitapasuka. Kwa hiyo mimi bakuli langu nilijaza maji siku mbili, halikuvuja hata tone, nikajiambia nimemaliza kulipima.

Shangazi mwenyewe alikuwa amekwenda msibani Kidahwe. Na siku hizohizo dada yangu Anastazia akaja kutusalimu kutoka Ujiji alikoolewa. Anastazia ndiye aliyenilea mgongoni mwake. Alikuwa na mimba ya miezi minne, na mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hii tuliitaja kwa sauti ya chini, tena kwa kuzungukazunguka. Akaliona bakuli.

"Yebaba we! Adela, hili umelifanya weye?"

"Mimi mwenyewe, dada."

Alilishika, akalizungusha, akapitisha kidole ndani. Mtu pekee ambaye sifa zake nilizitaka duniani alikuwa amekaa mbele yangu na bakuli langu mapajani. Sheria ya Shangazi niliikumbuka, mwanangu, sitakudanganya kwamba niliisahau. Niliikumbuka, nikaiweka kando. Nikamwambia, "Lichukue, dada. Ni lako."

Tangu hapo kila nilipokwenda Ujiji nilipitia kwake, na sikwenda kumwona yeye tu. Nilikwenda kulitazama bakuli. Alikuwa ameliweka mahali pa heshima, na mimba ile ilimpa hamu ya ndimu, basi alizikata akazitia chumvi na kuziacha humo, akawa anamung'unya vipande na kunywa maji yake kutwa. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikaa pale nikitazama ndimu zinavyopendeza ndani ya rangi ya asali.

Baada ya wiki kadhaa Anastazia akaanza kuumwa tumbo. Lilimkata kwa vipindi, akajikunja. Choo kikawa kigumu, kichwa kikawa kinamgonga, rangi ya uso ikampotea. Zahanati walimpa dawa ya malaria, kama yeyote pale angempa. Jirani mmoja alisema ni jicho la mtu. Mama mkwe alisema ni mimba tu, kila mimba ina vituko vyake. Lakini sote tulikuwa na hofu ileile na hakuna aliyeitamka, hofu ya mara ya tatu.

Shangazi aliposikia alifunga kanga yake tukaondoka pamoja. Tulimkuta Anastazia amelala ubavu. Shangazi alimsalimu, akamshika tumbo, akamuuliza mtoto anacheza, akajibiwa anacheza kidogo. Akamuuliza anakula nini. Anastazia akasema chakula hakipandi, ni ndimu tu. Akanyoosha mkono kuonyesha bakuli.

Basi nikamwona Shangazi anavyolitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona. Na ajabu ni kwamba hakukasirika. Alichuchumaa, akalisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaliinamisha huku na huku, uso wake ukawa kama wa msichana. "Rangi hii umeipataje?" aliniuliza taratibu, na ninakuapia alikuwa na wivu. Nikaanza kumweleza kwa majivuno mambo ya Mzee Rajabu na utando wa manjano. Yeye akawa anazitoa ndimu moja moja na kuzipanga kwenye sahani. Akamwaga maji yake nje. Akalifuta bakuli kwa pindo la kanga. Halafu akalisogeza tena kwenye mwanga.

"Adela, njoo uone."

Juu, karibu na mdomo, bakuli lilikuwa linang'aa kama siku lilipotoka motoni. Lakini kuanzia pale maji ya ndimu yalipofikia kwenda chini, kioo kilikuwa kimefifia. Kilikuwa kimekwaruzika, cheupecheupe, na vishimo vya gunzi vilivyokuwa vimejaa sasa vilikuwa vitupu.

"Hapa palikuwa na kitu," Shangazi akasema. "Sasa hakipo. Kimekwenda wapi?"

Tulikuwa watu watatu mle chumbani na sote tuligeuka tukamtazama Anastazia tumboni, hata Anastazia mwenyewe.

Nilitegemea kofi, na ningelipokea kwa shukrani. Shangazi hakuniinulia mkono. Alisema: "Umeuliza udongo, umeuliza moto, umeuliza mpaka wavuvi. Tumbo hukuliuliza. Na kama ulitaka kuliuliza, si unalo lako?"

Tulimpeleka Anastazia hospitali mjini siku ileile, na bakuli tumelifunga ndani ya kitambaa. Daktari alilisikiliza jambo letu, akaliangalia bakuli, akasema risasi ni sumu na inakaa mwilini, na kwamba chombo hicho kisiguswe tena na chakula cha mtu yeyote. Kuhusu mtoto hakuahidi kitu. Alisema tutaona atakapozaliwa. Mwanangu, tulingoja miezi mitatu. Nilihamia Ujiji nikawa namfulia dada, nampikia, nambebea maji. Udongo sikuushika. Maumivu yalipungua polepole, na kila akishika tumbo nilisimama. Nilimwahidi Mungu mambo mengi ambayo nimeyatimiza nusu.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mdogo, na alikaa kimya muda mrefu kuliko ilivyo desturi kabla ya kulia. Nilikuwa nje ya mlango. Nilikisikia kile kimya chote. Alipolia nilikaa chini palepale nikalia kumzidi. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, kisha akatembea na akasema, na leo ni mtu mzima mwenye watoto. Lakini shuleni herufi zilimpa taabu kubwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni kwa sababu ya bakuli langu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba si kwa sababu yake. Nimezeeka na swali hilo, mimi niliyekuwa napenda maswali.

Shangazi alinirudisha kazini mwenyewe. Alikuja Ujiji akanikuta nimekaa kama mjane, akaniambia, "Umeumiza mtu kwa kutopima, sasa unataka kujiadhibu kwa kutofinyanga? Hiyo itamsaidia nani?" Nikarudi. Nimejaribu mambo mengi tangu hapo. Nimepaka udongo mwekundu juu ya mweupe na kuukwangua ili maua yatokee. Nimechora kwa mfupa wa samaki, kwa kitana, kwa kamba iliyosokotwa. Nimechanganya magome ya miti mitatu nikapata weusi unaovutia mpaka wageni wanauliza ni mafuta gani. Na kila namna mpya nimekula humo mwezi mzima, ndimu na chumvi, mimi na si mwingine. Mara mbili niliumwa tumbo. Nikavunja chombo, nikaanza tena.

Lakini sijakuambia kilichonifundisha zaidi. Mtoto alipokuwa na miezi kadhaa nilikuwa nimekaa na Anastazia uani, tunachambua mchele. Akasema tu, bila kuniangalia: "Nilikuwa nauonja, unajua."

"Ulikuwa unaonja nini, dada?"

"Ule utamu. Kama kulamba msumari, lakini mtamu. Tangu wiki ya kwanza ndimu zilikuwa na utamu ambao si wa ndimu."

Niliacha kuchambua. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unakuja kulitazama," akasema. "Ulikuwa unakaa pale unalitazama, umefurahi hivyo. Ningekuambiaje?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipoielewa sheria ya nyumba ya Shangazi. Nilikuwa nimesubiri mlaji aniambie kama kuna ubaya, na mlaji wangu alikuwa ananipenda. Mtu anayekupenda hatakuambia. Atakula, atanyamaza, atakusifu, na kama ana mtoto tumboni atamlisha naye. Adui yako angetema tonge la kwanza akakutangaza mtaa mzima, na angekuwa amekuokoa. Ndiyo maana huwezi kumwachia anayekupenda kazi ya kupima.

Nasaha yangu ni hii. Uliza, mwanangu. Usiache kuuliza kwa sababu ya kisa cha bibi kizee. Chokonoa udongo, chokonoa moto, wasumbue wenye maduka na wenye vyungu vibovu. Siku hizi mnaona mambo mengi kwenye simu, rangi za kila aina zinauzwa kwenye vikopo, na mimi nazionea wivu kama Shangazi alivyolionea bakuli langu. Lakini kitu ulichobuni wewe, kama kitaingia kinywani mwa mtu, au masikioni mwake, au maishani mwake, kikae kwanza na wewe. Kiweke kwenye ndimu na chumvi, usikipime kwa maji matamu ukajidanganya. Kikikuumiza, umeumia wewe, na utapona ukijua sababu. Na ukiona wanaokupenda wamekikubali upesi mno, rudi ukionje tena.

Mungu akupe mikono isiyochoka na macho yanayotamani kuona. Akupe moto unaoshika na udongo usiopasuka. Na wote watakaokula mikononi mwako, Mungu awaamshe salama. Amina.